Ligacha kwenye terminali: pambo linalofungua njia

Waandishi wengi wa programu wamezoea fonti kama Fira Code na JetBrains Mono, ambazo -> huonekana mshale mmoja na != hugeuka ≠. Muungano huo huitwa ligacha. Kwenye kihariri cha kodi ni suala la ladha tu. Ukiutaka ndani ya terminali, yaani dirisha la kuipa kompyuta amri kwa maandishi, inayoendeshwa na kivinjari, hapo ndipo ubishi unapoanza.

Terminali ni gridi: kila herufi na mraba wake. Maktaba ya kodi iitwayo xterm.js, inayoendesha terminali ya kihariri cha Visual Studio Code, hupata kasi yake humo humo. Ikitumia WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora kwa msaada wa kadi ya michoro, huchora herufi mara moja, ikaihifadhi picha yake, kisha ikairudia kila inapohitajika. Ligacha huvuruga mpango huo, kwa sababu herufi haichoriki tena bila kujua jirani yake ni nani. Na alama mbili zikiwa na rangi tofauti je? Kielekezi kikisimama katikati ya mshale, kisimame wapi? Kwa kijana wa mtaa wa Tudor, Mombasa, mwenye laptopu ya mtumba, anayetazama logi za seva zikimiminika, kazi hiyo ya ziada si mzaha.

Liko pia suala la faili ya fonti. Ili kujua alama zipi zinaungana, programu hupaswa kuisoma fonti yenyewe, na kivinjari hakiachi tovuti ichungulie faili zako hivi hivi. Chrome ilifungua mlango kwa ruhusa ya mtumiaji mwaka 2022. Firefox na Safari hazikufuata. Kwingineko programu hubaki kutumia orodha iliyopangwa mapema, inayoweza kukosana na fonti uliyochagua.

Hoja yenye uzito zaidi kwangu ni ya usomaji. Kwenye terminali tunasoma maandishi yasiyo yetu, na mara nyingi tunasaka kosa. Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, ikikwama kuunganisha kodi, huweka alama saba za = mfululizo; baadhi ya fonti huzigeuza msitari mmoja usiohesabika. Katika JavaScript, == na === ni vitu viwili, na ligacha hurahisisha kuvichanganya.

Wanaozitaka ligacha nao hawajakosea wote. Anayehariri kodi kwa Vim, kihariri kinachofanya kazi ndani ya terminali, ana haki ya kuona anachoona mwenzake kwenye kihariri. Tena fonti hizi huheshimu gridi: mshale wa alama mbili hukaa miraba miwili ile ile, kwa hiyo safu hazipindi.

Nami ningeishia kusema zizimwe, kama si jambo moja. Hapa Mombasa, tungo za Muyaka bin Haji za karne ya 19 zimetufikia kwa hati ya Kiarabu, na mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba herufi za lamu na alifu zikikutana huandikwa kwa umbo moja. Huo si urembo, ndiyo imla yenyewe. Terminali inayochora kila herufi peke yake huikatakata hati hiyo. Njia ya xterm.js ya kuteua herufi kadhaa zichorwe pamoja, iliyosukumwa na wapenda mishale, yaweza kuziunga hizo pia, ingawa mwelekeo wa kulia kwenda kushoto ni kazi nyingine kabisa.

Basi kwa kawaida ligacha ziwe zimezimwa, anayezitaka aziwashe mwenyewe. Lakini mashine ya kuunganisha itengenezwe, na ijaribiwe kwa lamu na alifu kabla ya =>.