Kwetu "kusoma" ni neno moja, huku Hispania yako mengi

Mwaka wangu wa kwanza Barcelona, kwenye usaili wa kazi, niliulizwa jioni huwa nafanya nini. Nikajibu: "Leo en la universidad." Nilikusudia kusema nasoma chuo. Yule mama akaniuliza kwa upole, kwa nini nisisomee vitabu vyangu nyumbani? Nilitoka pale bila kujua nimekosea wapi.

Kwa Kihispania "leer", ambalo "leo" yangu ile ilitokana nalo, ni kusoma maandishi tu: gazeti, barua, ujumbe wa simu, hata mita ya umeme. Kuwa mwanafunzi, au kukesha na madaftari mtihani ukikaribia, ni "estudiar". Ukisema "me leí el libro", hako ka-"me" kanaonyesha kitabu umekimaliza chote. Kupekua kurasa juu juu ni "hojear", kutupia jicho ni "ojear", na kwa kuwa h haitamkwi, maneno haya yanasikika sawasawa. Utayatofautisha kwenye maandishi tu.

Kwetu Tanga kitenzi kimoja kinabeba yote. Tunasoma gazeti, tunasoma darasa la saba, tunasoma maulidi na hitima. Mtu akiitwa "amesoma", maana yake ana elimu. Hakuna anayeuliza amesoma kitabu gani. Mimi naona hapo ndipo tunapojipunja. Mtu akishika cheti anasema "nimemaliza kusoma", na vitabu vinaingia kwenye sanduku chini ya kitanda. Huku, tarehe 23 Aprili, siku ya Sant Jordi, watu hupeana vitabu na mawaridi, na meza za vitabu hujaa mitaani. Jirani yangu, bibi aliyestaafu zamani, hukaa benchini na riwaya yake, miwani imemshuka puani, mpaka jua lizame. Hana mtihani wala cheo anachokitafuta, na hakuna anayemshangaa. Natamani mama zetu nao waachiwe saa kama hiyo.

Lakini kuna neno letu ambalo sijalipata huku: kusomesha. Siku moja darasani nilisema "mi tío me hizo leer", mwalimu akaelewa kwamba mjomba alinilazimisha kusoma vitabu. Akanisahihisha: "me pagó los estudios", alinilipia masomo. Ni sahihi, ila hilo linahusu ada peke yake. Mjomba alinifunikia madaftari kwa magazeti ya zamani, akanisafishia chemli kila jioni, na siku ya kufunga shule alikuwa akinisubiri kituo cha basi aione ripoti. Yote hayo yamo ndani ya "alinisomesha".

Juzi alinipigia.

"Vipi mjomba, bado unasoma?"

Nikamwambia chuo nimemaliza mwaka jana, ila nasoma kila siku, asubuhi kwenye treni na usiku kabla ya kulala.

Akanyamaza kidogo. "Alhamdulillahi. Na sasa unasomea nini?"