Maikro ya Marekani na hesabu ya bosi wa daladala

Wenzangu niliosoma nao Mlimani wana swali moja wakisikia nafanya PhD ya uchumi Marekani, tena upande wa nadharia: "Sasa hiyo itatusaidia nini huku?" Wangeelewa kama ningechagua benki, kodi, au walau kilimo. Mimi nabisha. Naona nadharia ya mikroekonomia (maikro), ile inayochambua maamuzi ya watu na biashara moja moja, inaihusu Dar es Salaam kuliko mji huu ninaoishi, ambako kila kitu kimebandikwa bei na hakuna wa kupatana naye.

Siwadanganyi kwamba ni rahisi. Maikro ya mwaka wa kwanza huku si ile ya kuchora mistari miwili inayokatana. Kitabu ni cha Mas-Colell, Whinston na Green cha 1995, karibu kurasa elfu moja, na maswali ya mtihani huanza na "thibitisha kwamba". Wiki kadhaa zinaishia kwenye kazi ya wachumi Arrow na Debreu ya 1954: kwamba kwa masharti fulani, zipo bei zinazosawazisha mahitaji na ugavi kwenye masoko yote kwa mpigo. Bei hizo zinafikiwaje, hilo uthibitisho haukuambii. Mwisho wa mwaka kuna mtihani mkuu. Ukianguka mara mbili, vyuo vingi vinakupa masta yako na kukuaga.

Mdogo wangu uliyepo mwaka wa pili Mlimani na unaota kuja huku, usikimbilie masta juu ya masta ya uchumi. Vuka uende idara ya hisabati, ukachukue kozi za uthibitisho mpaka uzizoee. Mimi hakuna aliyeniambia.

Ukishavuka hapo inakuja nadharia ya mikataba na taarifa, inayouliza nani anajua nini na nani anabeba hatari, na sasa mtu wa Dar anakaa vizuri kwenye kiti. Chukua hesabu ya bosi. Dereva wa daladala anamkabidhi mwenye gari kiasi kilichopangwa kila siku, mafuta juu yake, konda juu yake, kinachobaki ndiyo riziki. Bosi hayumo garini. Hajui abiria walikuwa wangapi, na nauli ni pesa taslimu isiyo na rekodi ya kuaminika.

Mwaka 1974 mchumi wa Marekani Joseph Stiglitz aliandika juu ya kilimo cha kugawana mazao. Mwenye shamba akitoza kodi isiyobadilika, mkulima anajituma kwa sababu kila gunia la ziada ni lake, ila ukame nao ni wake peke yake. Wakigawana mavuno, hasara inabebwa na wote wawili, lakini bidii inapungua. Sasa jaribu kugawana kwenye daladala. Mavuno yanaonekana shambani. Mfuko wa konda hauonekani. Kwa hiyo inabaki hesabu isiyobadilika, na hatari yote inamwangukia dereva, maskini kuliko bosi wake. Foleni ya Buguruni, mvua za masika, faini ya trafiki, vyote vyake. Ndiyo maana anakatisha ruti, anachomekea, anagombania abiria kituoni. Tunasema madereva wetu hawana ustaarabu. Wapeleke semina ya ustaarabu mwaka mzima, mkataba ukibaki ule ule watakimbiza.

Dereva wa basi wa hapa analipwa mshahara, mpole kama shemeji, na basi likienda tupu halimhusu. Mabasi ya mwendokasi ya Dar yalipoanza 2016 yalikuja na madereva wa mshahara pia: kugombania abiria hakuna, badala yake tukapata umati kituoni ukisubiri basi. (Hapo sichagui upande. Nimesimama kwenye umati huo.) Nilipouandika mkataba wa daladala ubaoni kwenye semina, wenzangu waliniuliza kama nimeutunga.

Kodi ya nyumba nayo. Sinza, mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, na dalali anataka mwezi wake. Huku wanaangalia alama zako za mikopo, unatoa mwezi mmoja na amana, unahamia. Watu wa nyumbani wanadhani huo ni utu. Si utu. Mwenye nyumba wa hapa ana namna ya kujua kama wewe ni mlipaji, wetu hana. Mimi nilipofika sina historia yoyote ya mkopo, wakanitaka miezi kadhaa mbele. Sinza kabisa.

Na kwa wanaosema haya ni mambo ya Wazungu: Stiglitz alikwenda Nairobi mwaka 1969, akafanya kazi kwenye taasisi ya masomo ya maendeleo ya chuo kikuu, na yeye mwenyewe amesema kukaa kwake Kenya kulimjengea mawazo yake juu ya taarifa, yale yaliyompa Nobeli mwaka 2001 pamoja na Akerlof na Spence. Kinachonikera ni kwamba huku mambo ya aina hii yamesukumwa kwenye kozi ya hiari ya nchi maskini, na darasa kuu linabaki na mifano ya bima ya gari.

Tasnifu yangu nataka iwe juu ya bodaboda za mkataba, zile ambazo kijana analipa kila siku na mwisho pikipiki inakuwa yake. Nadhani hawa wanaitunza pikipiki kuliko wa hesabu, lakini kudhani hakutoshi. Msimamizi wangu ameuliza data iko wapi. Iko kwenye madaftari ya mabosi wa Mbagala na Tabata, kwa hiyo kama una bodaboda zaidi ya moja na unaandika marejesho, niachie ujumbe hapa chini. Majina sihitaji, nahitaji tarehe, kiasi kilicholipwa, na siku pikipiki ilipokwenda kwa fundi.