Lai Haraoba ikipandishwa jukwaani

Ukitaja ngoma za Manipur, kule kaskazini mashariki mwa India, wengi wanakumbuka ile sketi ngumu ya ngoma ya Ras Lila, pana kama pipa, imejaa vioo. Nzuri kweli. Ila ngoma hiyo aliianzisha mfalme Bhagyachandra mwaka 1779 kwa ajili ya Krishna, mungu wa Kihindu, na kabla yake Wameitei, wenyeji wa Manipur, walishakuwa na Lai Haraoba, yaani kuifurahisha miungu, na hata Ras Lila yenyewe ilichota mwendo wake humo. Hii ndo naona watu wanaipita juu juu.

Kuna wanaosema jukwaa ndo limeziokoa hizi ngoma, na wana hoja. Tagore, yule mshairi wa Bengal, aliziona mji wa Sylhet mwaka 1919, akazipenda, akaita walimu wafundishe shuleni kwake Santiniketan, baadae Imphal, mji mkuu wa Manipur, ikapata chuo chake mwaka 1954. Mtoto wa leo anasoma, anapata cheti, anaweza kula kwa ngoma ya bibi yake. Hilo silibezi hata kidogo.

Lakini jamani angalieni kinachokatwa. Uwanjani Lai Haraoba inaenda siku kadhaa, maibi, wale makuhani wa kike wenye nguo nyeupe, wanaanzia majini kuita miungu huku pena inalia, ni kama zeze hivi, halafu mikono ndo inashika habari: mtoto anaumbwa kiungo kwa kiungo, nyumba inajengwa, pamba inapandwa, inachumwa, inasokotwa uzi, nguo inafumwa. Kila kitu na zamu yake, na wanakijiji wanaingia nao wanacheza. Ukiibana iwe ya dakika kumi kwa ajili ya wageni waliokaa kwenye viti, inabaki mikono inazunguka vizuri tu, pamba haipo, nguo haipo, na wanakijiji wamegeuka watazamaji.

Na hapa ndo panaponiuma. Karne ya 18, mfalme Pamheiba alipoifuata dini ya Vishnu, ndo hiyo ya Krishna, vitabu vya kale vya Wameitei, puya, vilichomwa moto. Mengi yaliyopona yalipona kwa maibi, kwenye nyimbo na mikono yao. Unesco mwaka 2013 iliorodhesha Sankirtana, kuimba na ngoma za upande wa Krishna, nafurahi, ila huku kwa maibi ndo kwenye habari ya dunia ilivyoanza.

Jukwaa libaki. Ila mwanafunzi anayefundishwa ule mkono aambiwe kwamba anachuma pamba, na msimu ukifika apelekwe uwanjani akae na maibi tangu wanaposhuka majini.