Nilivyomkonyeza Mke wa Mjumbe

Mimi na Doctor Who, tamthilia ya Waingereza kuhusu Daktari anayesafiri kwenye wakati na kubadilika sura, tulianza kwa dharau. Katika sehemu ya kwanza tamthilia iliporudi hewani mwaka 2005, masanamu ya plastiki ya kuvalishia nguo madukani London yanapata uhai na kuanza kuua watu. Halafu pipa la taka linammeza kijana wa watu, likabeua. Nilicheka hadi nikamtumia binamu ujumbe wa sauti: "Waingereza hawa! Sanamu la nguo linamtisha nani?"

Sasa, shangazi ninayeishi kwake ni fundi cherehani, na sanamu lake husimama sebuleni, hatua tatu kutoka kwenye godoro langu. Lina mkono mmoja. Wa pili ulivunjikia kwenye daladala siku linanunuliwa Kariakoo; uliobaki umenyooka mbele kama wa konda anayedai nauli.

Basi nikawa namripotia binamu kila usiku. "Daktari kabadilika sura, sasa ni mwembamba na anaongea kama mpiga debe." "Ana mioyo miwili, na yote kaiweka kwa dada muuza duka." Hadi nikafika msimu wa 3, sehemu ya 10, ile ya 2007 iitwayo Blink. Daktari mwenyewe humo haonekani sana. Kuna malaika wa mawe. Ukiwatazama, ni mawe tu. Ukipepesa, wamekusogelea. Wakikugusa wanakutupa miaka ya nyuma, ukazeekee huko. Usiku huo binamu hakupata ujumbe.

Malaika walikuwa wanachezea taa, iwake, izime, umeme wa kwetu nao ukaondoka.

Nikawasha tochi ya simu, nikalimulika sanamu. Lilikuwa limevaa gauni la kitenge la mteja, pini zimejaa kiunoni, mkono umenielekea. Nikaapa sipepesi. Lakini macho si chuma, machozi yakaanza kunichuruzika. Ndipo nikapata akili: nafunga la kulia, la kushoto linalinda, nafunga la kushoto, la kulia linalinda.

Hodi sikuisikia. Mke wa mjumbe alikuja kufuata gauni lake, akaenda kusimama ubavuni mwa sanamu, akawa anapapasa kitenge. Nami kuacha sikuthubutu. Kulia. Kushoto. Kulia.

"We mtoto, unamkonyeza nani?"

"Sanamu."

Jibu hilo halikunisaidia.

Shangazi akatoka chumbani na mshumaa. Akaniangalia, akamwangalia mgeni, akaguna. "Msamehe, mwenzangu. Ana maradhi ya macho tangu mdogo, yanajifunga yenyewe." Mama wa watu akalainika, akanipa pole, akaondoka na gauni lake, pini zikiwa humo humo.

Ni wiki ya tatu sasa. Kila nikikutana naye gengeni inanibidi nimkonyeze, kulia, kushoto, shangazi asije akaonekana muongo. Juzi alikuwa ameongozana na mjumbe mwenyewe. Ikabidi niwakonyeze wote wawili.