Filamu ya Wakaliga Ianze Kibandani

Mwezi uliopita nilikwenda Mbagala, hapa Dar es Salaam, kumwomba mzee mmoja mwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuoneshea mpira na filamu kwa kiingilio, atupe nafasi ya kuonesha filamu ya Uganda. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya ubao wake, anaandika kwa chaki mechi za usiku. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kugeuka. Nilipomweleza kilichonileta akauliza, "Mwanangu, Kiganda hapa anakijua nani?" Nikamwambia nitakuja na mtu wa kutafsiri. "Atatafsiri kwa maiki, papo hapo?" Papo hapo, mzee. Akajifuta vumbi la chaki kwenye suruali, akasimama. Tukapewa Jumanne saa kumi jioni, kwa sababu Jumanne ile hakukuwa na mpira wa maana, kiingilio shilingi mia tano.

Filamu yenyewe ni Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, na wengi wenu mmeshaona vipande vyake kwenye simu: makomando wanarusha mateke, helikopta ya kompyuta inabomoa maghorofa ya Kampala, na sauti ya mtu asiyeonekana inapiga kelele juu ya kila kitu. Watengenezaji waliiweka nzima YouTube wenyewe, haikuwa ya wizi. Lakini kwangu Jumanne ile ilikuwa majaribio. Ninayoipigania hasa ni nyingine, Once Upon a Time in Uganda, ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Cathryne Czubek. Hiyo inawahusu watu walewale waliomtengeneza Captain Alex. Ni filamu ya maisha halisi, haina maigizo, ila inachekesha kuliko vichekesho vingi vilivyoandikwa kwa makusudi, kwa sababu wanaoonekana ndani yake ni wasanii wa aina ambayo mtaani kwetu tungesema wana vituko na bado tungewapenda. Nataka ioneshwe Dar es Salaam, Bukoba, Mwanza na Nairobi. Na nataka itangazwe kwa namna inayolingana na watu hao.

Wakaliga ni mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Isaac Nabwana, mwongozaji wa Captain Alex, alifyatua matofali huko, akadunduliza, na mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions. Jina Ramon ameliunga kutoka majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica, na mimi jambo hilo dogo hunigusa kila nikilikumbuka. Kompyuta za kuhariria aliziunga mwenyewe kwa vipuri chakavu. Fundi wao, Dauda Bisaso, alichomelea vyuma chakavu hadi vikawa bunduki kubwa ya kutisha. Damu walianza na ya ng'ombe, ikawaletea maradhi, wakahamia kwenye rangi ya chakula. Filamu nzima ya Captain Alex inasemekana iligharimu chini ya dola 200 za Marekani.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo hoja yangu ilipo. Filamu ile ilipokamilika, kompyuta haikuwa na nafasi ya kutengenezea nyingine, basi Nabwana akaifuta ile ya awali. Iliyobaki duniani ni nakala ya DVD ambayo juu yake kuna sauti ya VJ Emmie. Uganda, VJ ni yule mtu anayekaa ndani ya kibanda na maiki, anatafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda, anataja majina ya watu wa mtaani, anawachokoza watazamaji, na kila baada ya dakika chache anawakumbusha kwamba wanatazama filamu kali. Kwa maneno mengine, filamu pekee ya Captain Alex tuliyonayo ni ile ambayo mpiga debe wake yumo ndani. Huwezi kumtoa. Ukimtoa, filamu haipo.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunamjua mtu huyo. Tanzania tulikuwa na Lufufu, kisha DJ Mark na wengine waliofuata, ambao sauti zao zilitufanya tupende sinema za Kihindi na za Kichina tukiwa hatujui neno moja la lugha zile. Kenya wana DJ Afro. Nimekulia kwenye mabenchi yale. Nakumbuka steringi akipigwa, mtafsiri anasema, "Msilie, steringi hafi, pesa zenu hazijaisha," na kibanda kizima kinapumua. Wasomi wetu wa sinema kwa miaka mingi waliwaona hao kama waharibifu. Mimi nawaona ni wasanii wa jukwaani waliokosa jukwaa wakaazima pembe ya skrini.

Kwa hiyo nikisikia mtu anapanga kutangaza filamu huru ya kuchekesha kwa njia ile ile ya matangazo ya sabuni, moyo unaniuma. Anatoa posta yenye sura sita zilizokunja uso. Anakata trela ya dakika mbili, na ndani ya dakika mbili hizo anamaliza vichekesho vyote vizuri alivyokuwa navyo. Anamlipa mtu maarufu aseme kwa sekunde kumi na tano kwamba "hii kitu si ya kukosa", mtu ambaye filamu hajaiona na haoni sababu ya kuiona. Halafu watu thelathini wanakuja ukumbi wa viti mia nne. Kichekesho kwenye ukumbi mtupu kinakufa, na hata waliokuja wanarudi nyumbani wakisema haikuchekesha, nao hawajadanganya. Kicheko kinahitaji bega la mwenzako. Ndiyo maana kichekesho kile kile unakitazama peke yako kitandani unatabasamu kidogo, ukikitazama na shemeji zako mnashika mbavu.

Watu wa Wakaliga walilijua hilo kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. DVD zao waliziuza waigizaji wenyewe, nyumba kwa nyumba, na mapato wakagawana na Nabwana. Hebu fikiria unafungua mlango asubuhi, mbele yako amesimama komando aliyekufa jana kwenye filamu, mkanda wa risasi begani, anakuuzia kifo chake. Utakataa? Walikuwa na siku chache tu kabla ya maharamia kudurufu nakala na kuzimwaga sokoni, hivyo walipaswa kuwahi. Harriet, mke wa Nabwana, alikuwa bega kwa bega naye kwenye biashara hiyo, na kwenye filamu ya Czubek unaona wazi kwamba bila yeye kusingekuwa na kampuni ya kusimuliwa.

Trela ya Captain Alex waliipandisha YouTube mwaka huo huo wa 2010, ikasambaa dunia nzima. Ikamfikia Alan Hofmanis, Mmarekani wa New York aliyekuwa akifanya kazi kwenye matamasha ya filamu. Akaenda Wakaliga kuwaona, na mwisho akahamia. Mwaka 2015 waliomba mchango wa dola 160 kwenye mtandao ili watengeneze filamu nyingine, wakapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 filamu yao ya Crazy World ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka 2022 wakaalikwa Kassel, Ujerumani, kwenye documenta, maonesho makubwa ya sanaa yanayofanyika kila baada ya miaka mitano. Wachonga bunduki za vyuma chakavu wakasimama bega moja na wasanii ambao kazi zao hukaa makumbusho.

Nafurahi nao kwa dhati. Lakini angalieni ramani. Toronto wameziona kazi zao, Kassel wameziona. Kutoka Kampala hadi Bukoba ni safari ya basi ya siku moja. Je, Bukoba wameziona wapi kwa pamoja, wakiwa wamekaa na kulipa kiingilio? Tunalalamika kwamba Wazungu wanakuja kutugundua, na kumbe sisi tulikuwa jirani miaka yote tukitazama vipande vya sekunde thelathini kwenye simu na kucheka ubaya wa helikopta. Kuna cheko la kumcheka mtu na kuna cheko la kucheka naye. Filamu ya Czubek inakufundisha kuyatenganisha, kwa kuwa inakuonesha mikono inayofanya kazi. Inakuonesha pia urafiki wa Nabwana na Hofmanis ulivyopanda na ulivyofika mahali ukavunjika. Watu wawili wenye ndoto moja, kila mmoja akiitaka iende upande wake. Mtu yeyote aliyewahi kuanzisha kikundi cha sanaa na rafiki yake ataguna hapo.

Nilijaribu kwanza ukumbi mmoja mkubwa wa sinema wa hapa mjini. Nilijibiwa kwamba filamu ya aina hiyo haina soko. Sikubishana, nikapanda daladala ya Mbagala.

Siku ya Jumanne rafiki yangu, ambaye mama yake ni Mganda na yeye amekulia Temeke, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na televisheni, maiki mkononi, kitambaa cha jasho begani. Tulikuwa na spika mbili, moja ndani na moja nje juu ya mlango, imefungwa kwa waya wa nguo. Hadi saa kumi na robo walikuwa wameingia watoto tisa na mzee mwenyewe. Nilianza kupiga hesabu ya hasara.

Halafu rafiki yangu akaanza. Hakutafsiri neno kwa neno hata kidogo. Bosi wa genge alipotokea akifoka, akasema, "Huyu anadaiwa kodi ya miezi mitatu Charambe, ndiyo maana ana hasira." Sauti ikatoka nje kwa ile spika ya mlangoni. Madereva bodaboda waliokuwa wameegesha chini ya mwarobaini wakageuka. Mmoja akaja kuchungulia, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, helmeti kichwani. Rafiki yangu akamwona. "Na komando mpya amefika, amekuja na helmeti yake, mpisheni akae." Kibanda kikalipuka. Yule kijana akatoa mia tano, akakaa, akamwita mwenzake kwa mluzi. Ilipofika helikopta hakukuwa na nafasi kwenye benchi, na mama anayeuza mihogo ya kukaanga hapo nje alikuwa ameacha karai lake kwa binti yake, amesimama mlangoni na khanga mdomoni.

Hakuna aliyecheka kwa dharau, hilo nililitazama kwa makini. Nyuma yangu nilisikia kijana mmoja akimwambia mwenzake, "Oyaa, hii hata sisi tunaweza." Alisema kwa sauti ya mtu anayepiga hesabu ya vifaa alivyonavyo nyumbani.

Wasiwasi mmoja nimeletewa na watu ninaowaheshimu: mtafsiri akiingia juu ya filamu, si anaiharibu kazi ya mwongozaji? Kwa filamu nyingi ningekubali. Filamu ya huzuni iliyopimwa kwa ukimya usiiwekee mtu na maiki. Lakini hii ni hadithi ya watu ambao sanaa yao ilizaliwa na mtu huyo ndani yake, na kumnyamazisha kwa heshima ya sinema ni kuwavalisha suti wasiyoiomba. Ninachosisitiza ni haki ya wenye mali. Filamu ya Czubek ina wenyewe, na kuionesha kwa kiingilio ni lazima kwa ruhusa yao na kwa makubaliano ya mapato. Watu wa Wakaliga wameibiwa na maharamia miaka mingi. Sitaki sisi majirani tuwapende kwa kuwaibia.

Nimeshaandika barua ya kuomba ruhusa hiyo. Wakati nasubiri jibu, natafuta vibanda. Kama unamiliki kibanda Mwanza, Bukoba, Tanga au Kigoma, au unamjua mwenye nacho, niambie kina mabenchi mangapi na spika ya nje ipo au haipo. Kama wewe ni mtafsiri, uwe na jina au huna, niambie pia, kwa maana kila mji utahitaji mtu wake anayejua nani anadaiwa kodi wapi. Posta tutaziandika kwa mkono kwenye ubao ule ule wa mechi. Waigizaji wa mitaani, wale wa sarakasi na wale wanaotembea na vinyago sokoni, nitawaomba wapite mchana wa siku hiyo na kengele, na walipwe kutoka kwenye kiingilio kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mzee wa Mbagala ameshatoa tarehe, wa kwanza kabisa. Jumanne ile, baada ya filamu kwisha, madereva bodaboda walibaki nje wakibishana nani hasa alimuua Captain Alex, kwa kuwa filamu haisemi. Mmoja alishikilia ni mtu wa ndani ya jeshi. Mwingine akasema ni mapenzi tu, fuatilieni wanawake. Mzee alikuwa anafuta ubao ili aandike mechi za kesho, akaniuliza kama ile nyingine inatoa jibu. Nikamwambia hapana, ile inaonesha walioitengeneza. Akafikiri kidogo, akaacha kona moja ya ubao bila kuandika kitu.