Nani anaitunza Machozi Jasho na Damu?

Huku Leipzig ninakoishi iko hifadhi ya muziki ya Ujerumani, ambayo ni sehemu ya maktaba ya taifa, na sheria inamtaka kila mtoaji wa muziki apeleke huko nakala mbili za kila sidii au santuri anayoitoa. Uwe muziki wa okestra au wimbo wa kipuuzi wa kunywea bia, wote huwekwa rafuni pamoja na jalada lake, na mtu wa kawaida anaweza kuuomba na kuketi kuusikiliza. Kila nikiifikiria hifadhi hiyo naikumbuka Machozi Jasho na Damu ya Professor Jay, msanii wa bongo fleva, iliyotoka mwaka 2001, albamu ambayo sisi tuliokuwa sekondari wakati ule tunaihesabu kuwa yetu, na najiuliza kanda yake halisi, yenye upande A na upande B, iko mikononi mwa nani.

Wazazi wetu walibahatika. Enzi zao redio ilikuwa ya serikali, na bendi za dansi zilikwenda kurekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo hata kanda zikipigwa vumbi, angalau jengo la kwenda kuulizia linajulikana. Muziki wetu ulikua baada ya redio binafsi kuruhusiwa katika miaka ya 1990. Ulirekodiwa katika studio za watu binafsi, kama Bongo Records ya mtayarishaji P-Funk Majani ilikotengenezwa Ndio Mzee, wimbo wa albamu hiyo, kisha ukasambazwa na wafanyabiashara ambao kazi yao ilikuwa kuuza kaseti, si kuzihifadhi, na siwalaumu kwa hilo. Sisi wateja nasi tulidurufu kanda moja mpaka sauti ikafifia.

Hata hivyo, sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema kwamba nyumbani hatutunzi chochote. Bwenini kwetu Morogoro mmoja alishika kitufe cha redio, akisimamisha na kurudisha kanda nyuma, huku mwingine akiandika mashairi kwenye kaunta buku mstari kwa mstari, na ugomvi uliozuka juu ya neno moja lisilosikika vizuri uliweza kudumu mpaka taa zizimwe. Ndio Mzee ilikuja mwaka mmoja baada ya uchaguzi mkuu wa 2000, ikiwa na mgombea anayeahidi mabomba ya maziwa na masomo ya vitendo mwezini, na umati unaomwitikia kila anachosema. Mpaka leo ukiugusa wimbo huo ndani ya daladala, kondakta aliyezaliwa baadaye atakumalizia. Hapa Ujerumani sijaona albamu ya pop inayokaa midomoni mwa watu wa rika zote namna hiyo. Inakaa rafuni, salama na kimya. (Kwamba msanii mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020 ni utani ambao hata yeye asingeutunga.)

Tatizo ni kwamba midomo huchagua. Imebakiza nyimbo mbili tatu na kuziacha nyingine, na mtandao unafanya vivyo hivyo, kwa kuwa unakuletea Ndio Mzee peke yake na kufuatisha wimbo wa mtu mwingine. Ndiyo maana tukikutana huku tunawahubiria vijana kwamba muziki wa sasa hauna ujumbe, tukilinganisha nyimbo zetu bora chache na kila kinachotoka leo, ilhali tunajua wenyewe ni mara ngapi tulisogeza kanda mbele tuufikie wimbo tuutakao.

Kwa hiyo naona Tanzania ingefaa iwe na sharti kama hili la nakala mbili, na lianze kwa kukusanya kaseti za 1995 hadi 2005 kabla utepe haujaharibika. Mwenye kanda halisi airekodi yote, pande zote mbili, apige picha na karatasi ya jalada yenye majina ya watayarishaji na wasanii walioshirikishwa. Sisi wenyewe huku tumebishana mara nyingi ni wimbo gani uliofungua upande B, na hakuna hata mmoja wetu mwenye cha kuonyesha.