Msiniletee Stailishiti Moja ya Kila Kitu

Kila tunapokaa Mji Mkongwe kuingiza karatasi kongwe kwenye XML (maandishi yenye alama zinazotaja kila sehemu ni nini), huzuka hoja ile ile: barua, tenzi na hati za wakfu zipewe stailishiti moja ya XSLT, yaani faili la kanuni za kugeuza XML iwe ukurasa wa kusomwa, au kila aina iwe na yake? Wanaotaka moja hunambia ni rahisi kuitunza. Labda mwezi wa kwanza. Baadaye hujaa xsl:choose, amri ya kuchagua: ikiwa barua hivi, ikiwa utenzi vile, na mtu akigusa salamu za barua, beti zinavurugika. Wanaonakili faili mara tatu ndio wananishangaza zaidi: kosa la tarehe ya Hijria linasahihishwa pahala pamoja, linabaki kwengine.

Dawa imo ndani ya XSLT yenyewe tangu toleo la 1.0 la mwaka 1999. Faili la msingi libebe yanayoshirikiwa tu: majina ya watu, tarehe, maneno yasiyosomeka, maandishi ya pembezoni. Kisha kila aina ya hati iwe na stailishiti ndogo inayoanza kwa xsl:import, amri ya kuagiza faili la msingi na kuliweka daraja la chini ya faili linaloliagiza. Ya utenzi itaongeza mpangilio wa ubeti wenye vipande vinne, basi. Nayo xsl:include huingiza violezo, yaani kanuni za kushughulikia kila elementi (sehemu yenye alama), kwa daraja moja. Vikigongana, hakuna mkubwa. Mimi huitumia kugawa faili refu tu.

Mtego upo hapa, na ndipo wengi huilaumu lugha bure. Prosesa, programu inayoendesha stailishiti, hutazama kwanza daraja la faili, ndipo itazame kiolezo kipi ni mahususi zaidi. Ukiandika match="*", yaani kiolezo cha elementi yoyote, kwenye faili la utenzi, eti kwa tahadhari, kiolezo hicho kitavishinda vyote vya elementi ulivyoagiza katika modi (duru ya uchakataji) hiyo hiyo, hata kile cha persName (jina la mtu) peke yake. Hupati ujumbe wa kosa. Majina yanatoka bila viungo vyake, nawe unahangaika kutafuta hitilafu kwenye data! Kiolezo kipana kikae kwenye msingi.

Na ukitaka kuongeza kitu juu ya kazi ya msingi, usinakili kiolezo chake. Kiite kwa xsl:apply-imports, kisha kizungushie lako.

Toleo la 3.0 la 2017 lina vifurushi, ambamo mwenye msingi hutamka kipi kinaruhusiwa kubadilishwa. Navipenda, lakini sisi tunatumia prosesa ya xsltproc, inayoishia toleo la 1.0, na kwa aina tatu za hati sioni sababu ya kuhama.